Mnyororo Mlangoni kwa Mjane

2 Juni

Tumefika malishoni juu. Naandika kwa sababu huku mlimani sina wa kuongea naye ila mama mkwe na mbwa, na kati ya hao wawili anayesikiliza ni mmoja tu. Veli wangu alikufa majira ya baridi, theluji ilimporomokea yeye na trekta lake pale kwenye kona ya kinu. Huu ni mwaka wa kwanza napanda mlima bila yeye. Kondoo wake wamechanganywa na wa mdogo wake, Durmuş, ambaye sasa ndiye mwanaume wa nyumba zote mbili, na Mungu anisaidie.

Kiangazi kondoo wetu hulishwa usiku, jua likishapoa. Basi leo jioni, kundi lilipoanza kutoka, mbwa wa Veli, Boran, akasimama mbele yangu akainua shingo, kama anavyofanya siku zote ili avalishwe ile kola ya chuma yenye miiba aende kazini. Durmuş akaja. Mkononi hana kola, ana mnyororo. Akapigilia kigingi cha chuma mlangoni pangu.

"Shemeji, huyu kuanzia leo analala hapa."

"Alale? Huyu tangu akue hajalala usiku hata mmoja. Analizunguka kundi mpaka kunakucha."

"Kibanda cha mjane hakikai bila mbwa mlangoni. Watu watasemaje? Watasema Durmuş hajali heshima ya marehemu kaka yake."

"Na mbwamwitu wakija watakula hiyo heshima?"

Mama mkwe wangu, Bi Fadik, alikuwa anasukuma mikate. Hakuinua hata uso. "Nyamaza, mkamwana. Mwanangu kasema."

Boran aliwatazama kondoo wanavyopotea kwenye bonde, akawafuata, mnyororo ukamrudisha chini kwa kishindo. Akainuka, akawafuata tena.

5 Juni

Hajagusa uji wake wa shayiri.

11 Juni

Amekula. Lakini sasa anatembea. Anakwenda mpaka mnyororo unapoishia, anageuka, anarudi, anageuka. Majani yameshakwisha hapo mlangoni, umebaki mfereji wa udongo. Mbwa mwenyewe mkubwa, kichwa chake kinanifika kiunoni, mwili rangi ya majani makavu na uso mweusi kama kitako cha sufuria. Mlima mzima ulikuwa wake. Veli alikuwa akisema Boran hata akishiba haridhiki, anaridhika akichoka.

Nilimwambia Durmuş tena. Akanijibu kwa upole, eti mbwa akifungwa nguvu zinajikusanya, hata mwizi akija atamkuta na nguvu zote. Alivyosema kwa uhakika, ungedhani anazungumzia pesa za benki.

19 Juni

Jibini. Maziwa. Jibini. Mgongo unaniuma.

27 Juni

Leo damu imemwagika mlangoni kwangu.

Hamdi, yule mchuuzi wa nyuzi na vioo, alikuja na nyumbu wake kama anavyokuja kila mwaka. Boran anamjua tangu utotoni, amewahi hata kumlamba mikono. Hamdi akapita karibu huku anaimba, akanyoosha mkono: "Boran, mzee wangu, wamekufunga kama mfungwa?" Basi. Sikusikia hata mngurumo. Nilisikia tu Hamdi anapiga ukelele, nikatoka nikakuta yuko chini, paja liko mdomoni mwa Boran, na Boran anatikisa kichwa kama anavyomtikisa mbwamwitu. Nilimrukia shingoni, nikamkaba, nikamwita kwa jina huku nampiga ngumi za pua. Alipoachia, alinitazama kama aliyeamshwa usingizini. Suruali ya Hamdi ilichanika na nyama ndani yake imechanika vilevile.

Nilimfunga kidonda kwa kitambaa changu cha kichwa. Maskini, mzee wa watu. "Huyu hakuwa hivi, Satı," akaniambia. "Mmemfanya nini?"

Nikakaza fundo la kitambaa, ili nisimtukane shemeji yangu mbele yake.

28 Juni

Durmuş amemwadhibu. Alichukua mti wa hema akampiga Boran mpaka ukavunjika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Boran hakulia. Kila pigo lilipotua alijaribu kumfikia, mnyororo ukamkaba, akarudi, akajaribu tena. Mimi nilishikwa mikono na jirani yetu Zeliha, ananiambia "Usiangalie, dada, usiangalie," huku yeye mwenyewe anaangalia vizuri kabisa.

Namchukia Durmuş. Nimeandika na sifuti.

9 Julai

Ukungu. Alfajiri mbwamwitu wameingia kundini kule kwenye chemchemi ya juu. Tulisikia huku chini. Boran alisikia kabla yetu. Aliuma mnyororo mpaka ncha za meno zikakatika, povu lake lilikuwa jekundu.

Jua lilipotoka tulipanda kuwaokota kondoo, mama mkwe juu ya punda. Wengine walikuwa wamekufa, wengine matumbo yamekwisha kutoka nje na bado wanatafuna majani. Hao ndio walioniliza. Bi Fadik aliwachinja mmoja mmoja, anasoma bismillahi, anafuta kisu kwenye sketi, anakwenda kwa mwingine. Durmuş alikaa juu ya jiwe, amemshika mbwa wake Alaca, ambaye alikuwa hana hata mkwaruzo kwa sababu alikimbia.

"Ukungu ulikuwa mzito," akasema.

"Boran haoni kwa macho peke yake," nikamjibu. Mama mkwe hakuninyamazisha safari hii.

10 Julai

Alaca amekufa. Alikuja kula kwenye bakuli la Boran, hilo tu. Boran alimshika kooni, ikawa imekwisha kabla sijaweka ndoo chini.

Durmuş alikuja na bunduki. Nilisimama katikati.

"Toka hapo, shemeji."

"Huyu ni mbwa wa kaka yako."

"Kaka yangu hakuacha mbwa, ameacha shetani! Leo mbwa wangu, kesho mtoto wa mtu!"

"Siyo shetani. Hajatembea! Mwezi na zaidi hajatembea! Wewe mwenyewe ungefungwa mlangoni hapo ungeshamng'ata mama yako!"

Bi Fadik akacheka, kicheko kimoja kikavu, akajifanya anakohoa. Kisha akaingia ndani akatoka na mkate wa moto kwenye sinia. Kwetu kiapo cha mkate hakivunjwi, anayekivunja hata salamu hapewi. Akaniwekea mbele. "Sema, mkamwana. Sema mbele yetu."

Nikaweka mkono juu ya mkate. Nikasema, Boran niachieni mimi. Nitamtembeza mwenyewe kila siku. Lakini akimng'ata mtu tena, nitampiga risasi kwa mkono wangu.

Durmuş akashusha bunduki. Aliondoka na Alaca begani. Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, kidogo.

11 Julai

Jioni nilijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine shingoni kwake. Haikuwa kutembea. Aliniburuta mpaka kwenye kijito, nikaanguka, akaniburuta na ndani ya kijito. Magoti yamechunika. Zeliha na wenzake walitoka nje kutazama, wanapiga makofi. "Satı, ni wewe unamtembeza mbwa au mbwa anakutembeza?"

Nikawaambia wakatafute gundi ya kupaka midomoni ili ifunge.

14 Julai

Tumefika mgongo wa mlima. Alisimama juu ya jiwe, akanusa upepo, akatazama bonde zima. Alisimama hapo kitambo kirefu. Nilikaa chini kando yake nikalia kwa ajili ya Veli, kwa sauti, hakuna aliyenisikia.

22 Julai

Nimeanza kumwelewa. Hataki kukimbia. Kukimbia anakimbia akiwa na sababu. Anachotaka ni njia ndefu: apande, azunguke, arudi alikopita ahakikishe kila kitu kiko pale pale, kisha azunguke tena kwa upana zaidi. Nikimrudisha mapema anaanza ule mfereji wake mlangoni. Nikimrudisha amechoka, anajitupa chini, anapumua kwa nguvu, anaweka kidevu juu ya kiatu changu na kulala. Mimi pia nalala. Tangu Veli afe sikuwa nalala.

1 Agosti

Kunyoa kondoo. Mkono umekufa ganzi.

8 Agosti

Wajukuu wa Zeliha wamekaa juu ya mgongo wa Boran wakimvuta masikio. Alinitazama tu, kama kusema waondoe hawa. Mama mkwe alikuwa anafuma soksi. Akasema, bila kuniangalia, "Amepungua wazimu."

Kwa Bi Fadik hiyo ni hotuba.

17 Agosti

Jua lilikuwa linazama, tuko mgongoni mwa mlima, kundi limetoka na liko chini yetu. Boran akaganda. Manyoya ya mgongo yakasimama. Nikawaona: watatu, wanashuka kwenye mawe upande ambao Durmuş hawezi kuwaona. Nilikuwa nimebeba ile kola ya miiba begani, naibeba kila siku sijui kwa nini. Nikamvalisha. Vidole vilikataa kufunga kishikizo, nikaapiza, kikafunga. Nikafungua kamba.

Nimewahi kuona mbwa wakipigana. Hii haikuwa vile. Wa kwanza Boran alimgonga kwa kifua, jamaa akabiringika mpaka kwenye bonde na hakurudi. Wa pili alimrukia shingoni akakutana na miiba, nikasikia akilia kama mtoto. Wa tatu akamdaka Boran mguu wa nyuma. Boran aligeuka akamshika usoni, akambana kwenye jiwe, akakaa hivyo hivyo. Nilisikia mifupa. Aliposimama, mdomo wake wote ulikuwa damu na ulimi wa yule mbwamwitu umening'inia kwenye majani. Kondoo hata mmoja hakuguswa.

Durmuş alipanda anahema. Akamtazama mbwamwitu, akamtazama Boran, akanitazama mimi. Nilidhani atasema asante.

"Nani kakuruhusu umfungue?" akasema.

20 Agosti

Namwosha Boran mguu kwa chumvi na siagi. Hata hivyo ananitaka twende. Tunakwenda polepole, wote wawili tunachechemea.

2 Septemba

Zeliha ananiambia kwa wema mwingi, kama mtu anayekupa kikombe cha sumu akikuambia upulize kwanza: "Dada, watu wanasema. Mjane kijana, kila jioni mlimani, anarudi giza linaingia, mashavu mekundu. Wanasema mbwa ni kisingizio. Wanasema kuna mchungaji wa upande wa pili."

"Mchungaji gani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayekwenda."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Baadaye, nikiwa nakamua, nikaacha kucheka.

6 Septemba

Durmuş amekuja. Hakukaa. Anaongea na ukuta.

"Shemeji, kutembea huko basi. Mbwa arudi mlangoni."

"Nikimfunga atarudi kuwa vile alivyokuwa. Unajua nimeapa nini."

"Bora mbwa mmoja kuliko jina la kaka yangu."

"Jina la kaka yako nalijua kuliko wewe. Nimelala nalo miaka kumi na mbili."

Akawa mwekundu mpaka masikio. Akaondoka. Mama mkwe aliyasikia yote, akaendelea kufuma. Baada ya muda akasema, "Magoti yangu yangekuwa mazima ningekwenda nawe, wafunge midomo." Nilishangaa nikadondosha kijiko.

7 Septemba

Nimekwenda.

8 Septemba

Nimekwenda.

13 Septemba

Ukungu tangu juzi. Nimekwenda. Kuna mtu alikuwa nyuma yetu. Boran aligeuka mara kadhaa, lakini hakunguruma, kwa hiyo ni mtu anayemjua.

14 Septemba

Mkono wangu wa kulia umevimba, naandika taratibu. Lakini lazima niandike kabla watu hawajaanza kuisimulia wanavyotaka.

Tulikuwa mgongoni. Ukungu mzito, sioni hata jiwe la Boran. Nilikuwa naongea naye, kama ninavyofanya siku zote. Nilimwambia, "Njoo, mpenzi wangu, njoo nikufute." Haya ndiyo maneno yaliyosikika.

Durmuş akatokea kwenye ukungu, bunduki mkononi, uso umepotoka. "Yuko wapi? Yuko wapi huyo mbwa?" Hakumaanisha Boran.

"Durmuş, hakuna mtu! Niko na Boran!"

"Nimekusikia kwa masikio yangu, malaya wewe!"

Akanipiga kwa kitako cha bunduki. Nilikinga kwa mkono, nikasikia umelia. Nikaanguka. Akainua tena.

Boran hakuwa kwenye kamba. Alikuja bila sauti yoyote. Alimdaka Durmuş mkono ulioinua bunduki, hapo juu ya kiwiko, akamwangusha kama anavyomwangusha mbwamwitu, akamburuta kwenye mawe. Bunduki ilifyatuka kwenda mbinguni. Durmuş alikuwa anapiga kelele "Mama! Mama!" mtu mzima wa miaka thelathini na tano. Nilitambaa. Nikasema, "Boran, acha." Hakuacha. Ule mkono ulikuwa unageuka upande ambao mkono haugeuki. Nikamlalia mgongoni, nikamwingiza vidole vyangu mdomoni kwenye pembe ya taya, Veli alinifundisha hivyo, nikamwambia sikioni, polepole, "Yamekwisha, baba. Amechoka. Yamekwisha."

Akaachia. Akakaa chini kati yangu na Durmuş, akageuza uso kutazama bonde, na damu inamdondoka kidevuni.

Nilimfunga Durmuş mkono kwa kamba ya Boran. Ndiyo iliyookoa maisha yake, hiyo kamba. Alikuwa ananitazama kwa macho makubwa. "Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Kweli hakuna mtu." Akaanza kulia.

15 Septemba

Wamempeleka Durmuş mjini kwa trekta la mume wa Zeliha. Wanaume wa mlima mzima wamekuja. Hawakuuliza nani kapiga nani. Wamesema mbwa aliyeonja nyama ya mtu haoni jioni nyingine. Mmoja akanikumbusha kiapo cha mkate, kama vile nimesahau.

Nilichukua bunduki kwa mkono wa kushoto. Boran alisimama, akainua shingo avalishwe kola. Alidhani tunakwenda kazini. Nikaiweka bunduki chini, nikaichukua, nikaiweka chini. Sikuweza. Niliwatukana wanaume wote waliosimama pale, nikawatukania na mama zao, na wao wakatazama viatu vyao.

Ndipo Bi Fadik akatoka. Amevaa viatu vya Veli.

"Kiapo ulikula juu ya mkate wangu," akasema. "Aliyeng'atwa nimemzaa mimi. Basi deni hili ni la kwangu. Lete."

"Mama, Durmuş ndiye aliyenipiga."

"Najua. Mkono wako nauona, mimi si kipofu. Mwanangu ndiye aliyemfunga, mwanangu ndiye aliyepiga, na anayekufa ni mbwa. Ndivyo tulivyo sisi. Lete kamba."

Akaondoka naye, bunduki begani. Bibi wa miaka sabini, ambaye kwenda kisimani tu anapumzika mara mbili. Ilikuwa asubuhi. Nilikaa nasubiri mlio. Haukuja. Adhuhuri haukuja. Nikaanza kuwa na tumaini la kijinga, kwamba amemwachia, kwamba amemvusha upande wa pili. Wanaume walichoka kusubiri wakaenda zao. Jua lilipoanza kuinama, ukasikika. Mmoja tu.

Alirudi giza linaingia, na kamba tupu. Miguu ilikuwa inavuja damu ndani ya viatu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Alijishusha kwenye kizingiti, akanyoosha magoti kwa mikono yake.

"Nilimtembeza kwanza," akasema. "Mpaka chemchemi ya juu. Kisha mgongoni. Akataka kurudia, nikarudia naye. Nikamwambia, leo ni mpaka utosheke. Alipotosheka alijilaza mwenyewe juu ya lile jiwe, akaniwekea kidevu mguuni." Akavua kiatu kimoja. "Alikuwa amelala, mkamwana. Wallahi alikuwa amelala."

Tulilia wawili, amenishika kichwa mapajani kwake.

16 Septemba

Hakuna.

25 Septemba

Jioni miguu inakataa kukaa. Nimekwenda mgongoni peke yangu. Zeliha aliniona nikipita. Akaingia ndani.

4 Oktoba

Baridi. Kesho kutwa tunashuka. Durmuş amerudi kutoka hospitali. Mkono hawakuukata, lakini hautafanya kazi tena, vidole vimejikunja. Amekonda. Alisimama mbali na mlango wangu, na ndani ya koti lake kulikuwa na kitu kinachojitikisa.

"Shemeji." Akafungua koti. "Nilichokuita siku ile, nisamehe kama unaweza. Nimekuletea huyu. Ni wa ukoo wa Boran, kwa mama yake. Wa mlangoni."

Mtoto wa mbwa, uso mweusi, makucha makubwa kuliko kichwa. Nilimchukua. Kusamehe sijui, nitaona. Kisha nikachukua nyundo kwa mkono ulio mzima nikakipiga kile kigingi huku na huku mpaka kikalegea, nikaking'oa, nikamtupia miguuni.

"Mlangoni pangu hafungwi mtu."

Hakubisha. Alikiokota kwa mkono wa kushoto.

Jioni nilimfunga mtoto kamba nyembamba. Nilipotoka nikamkuta Bi Fadik amesimama nje na fimbo, amevaa viatu vya Veli, anayalaani magoti yake moja baada ya jingine. Durmuş alikuwa amekaa anaota moto.

"Mama, unakwenda wapi saa hizi?"

"Mgongoni."

"Mama! Watu watasema."

"Waseme. Waambie mama yako naye ana mwanaume huko juu."

Tukaondoka. Mtoto alikuwa anakaa chini kila baada ya hatua chache, tukawa tunamsubiri.